Kabla ya kuuliza tope litatoa umeme kiasi gani

Nikisema kazi yangu ni tope la vyoo na la mitambo ya maji, watu huniuliza swali lile lile: eti ni kweli mnaweza kuligeuza umeme? Inawezekana. Makaa yanawezekana, mbolea inawezekana, chakula cha kuku na samaki kinawezekana, hata tofali. Ila anayeniletea wazo la mradi huwa namuuliza kitu kimoja kinachomkera: hilo tope lako lina maji asilimia ngapi?

Chukua gari la majitaka linalomwaga mzigo kwenye mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam. Kinachotoka kwenye mpira ni maji meusi yenye vipande vya nguo, mifuko, pedi na nywele. Tuseme yabisi ndani yake ni asilimia 5. Hilo tayari ni tope zito, kwa sababu la mashimo ya septiki mara nyingi halifiki hata 3. Katika tani moja, basi, una kilo 50 tu za kitu kikavu. Kilo moja ikikauka kabisa hutoa joto la megajuli 17 hivi. Tope la Kampala, Dakar na Kumasi lilipopimwa lilikuwa humo humo. Si haba, ni sawa na maganda ya kahawa. Kilo 50 zitakupa megajuli 850.

Sasa geukia zile kilo 950 za maji. Kupasha kilo moja ya maji mpaka igeuke mvuke kunataka megajuli 2.6 hivi. Zidisha, unapata 2,470. Yaani ukilikausha tope hilo kwa moto, unateketeza karibu mara tatu ya unachovuna. Mizani inakaa sawa kwenye karatasi yabisi ikifika asilimia 13, lakini hakuna kikaushio kisichopoteza joto, kwa hiyo mimi sizungumzii moto kabla ya 25 au 30. Kutoka 5 hadi 25 lazima utumie vitu ambavyo havikuletei ankara ya kuni: mchanga, jua na uzito wa tope lenyewe. Katika safari hiyo peke yake, ile tani moja inabaki kilo 200.

Ndiyo maana vitanda vya kukaushia, visivyompendeza mpiga picha yeyote, ndivyo moyo wa mtambo. Chini kokoto, juu mchanga, halafu tope linamwagwa kwa kina cha sentimita 20 hadi 30. Siku za mwanzo maji huchuja kwenda chini, na baadaye jua na upepo humalizia. Tope likianza kupasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, linakwanguliwa. Hapo kwenye kukwangua ndipo mradi wa nishati unapoharibika kimyakimya. Koleo likizama kidogo tu linabeba mchanga, na mchanga hauungui. Unaenda nao mpaka kwenye tanuru, unakuwa jivu, na joto kwa kila kilo linashuka. Mnunuzi mwenye boila, tanuru la mvuke la kiwandani, hajali tope lako limetoka wapi. Anajali jivu analolazimika kuzoa kila asubuhi.

Kenya kuna mifano miwili jirani ninayopenda kuilinganisha. Nakuru, kampuni ya maji ya mji ilianzisha kitengo cha makaa, NAWASSCOAL. Tope lililokauka huchomwa likiwa limenyimwa hewa, likachanganywa na vumbi la mbao lililochomwa vivyo hivyo, na kugandishwa kwa molasi kuwa vidonge vya kupikia. Moto huo huua vijidudu na kuondoa harufu, na mama anayeweka sufuria juu yake hapati shida. Naivasha, kampuni ya Sanivation imelenga zaidi viwanda: tope na mabaki ya mimea vinashindiliwa kuwa magogo ya kuchoma badala ya kuni. Mabaki hayo yana kazi ya ziada, kwani ni makavu na hushusha unyevu wa mchanganyiko bila gharama ya moto. Ningekuwa na fedha zangu ningefuata njia ya Naivasha. Nyumba elfu moja zinahitaji elfu ya mazungumzo. Kiwanda kimoja cha chai kinataka mkataba mmoja.

Kuna nishati isiyodai ukavu: biogesi. Bakteria wanapenda maji, wanataka tu joto la nyuzi 35 hivi na nafasi bila hewa kwa wiki mbili hadi nne. Mtambo wa majitaka wa Bugolobi, Kampala, wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku, una matangi ya namna hiyo, na gesi yake huendesha jenereta. Lakini pale tope limetoka kwenye mabomba ya majitaka, ni bichi. Tope la choo cha shimo lililokaa miaka mitano limeshaliwa humo humo shimoni, na gesi yake ilikwisha kupaa hewani. Anayetaka biogesi aanze na vyoo vya stendi na sokoni vinavyonyonywa kila mara, aachane na mashimo ya mtaani. (Halafu mashimo ya mtaani yenyewe, Dar, mengi hutapishwa mvua za masika zikishuka. Tope linaenda na mafuriko na halifiki kwenye mtambo wowote.)

Tope la mtambo wa maji ya kunywa ni habari nyingine kabisa. Maji ya mto wenye udongo hutiwa shabu, ile ile ambayo bibi zetu walizungusha ndani ya mtungi, na uchafu unashikana na kuzama. Kinachobaki chini ni udongo na alumini, hakina cha kuungua. Unalichanganya na udongo wa mfinyanzi kwa kiasi kidogo ukafyatua tofali, ukiangalia tu lisipasuke kwa kunywea linapokauka. Alumini hiyo pia hung'ang'ania fosforasi. Kwa mkulima hiyo ni hasara, maana inamnyima mmea. Kwa bwawa la majitaka linalomwaga ziwani ni dawa, kwa kuwa fosforasi ndiyo inayolisha magugu.

Mbolea sina haraka nayo. Milwaukee huko Marekani wanauza tope lililokaushwa kwa joto tangu 1926, na jimbo la Maine, nchi hiyo hiyo, lilipiga marufuku kumwaga tope mashambani mwaka 2022 kwa sababu ya kemikali za PFAS zisizooza. Kwetu ninayemwogopa kwanza ni yai la mnyoo wa mchango, linaloweza kukaa hai udongoni miezi, hata miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2006 unataka mayai hayo yawe chini ya moja kwa gramu moja ya yabisi. Mwenye tope asiye na cheti cha maabara nisingemruhusu alikaribie tuta la mchicha.

Kuhusu pesa, sijaona hesabu inayofunga kwa kuuza bidhaa peke yake. Ada ya gari linapomwaga lazima iwemo, na lazima iwe ndogo kiasi cha kutomshawishi dereva kumwaga mtoni usiku. Na mwenye boila anataka mzigo ule ule kila wiki, Aprili kama Septemba. Vitanda vikijaa mvua hakusubiri, anarudi kwenye kuni. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mashine ya kushindilia, ezeka vitanda kwa mabati ya kupitisha mwanga, kisha jenga ghala la kubeba mzigo wa masika nzima.