Filamu ya "B.O." ya Brazil ni kitu gani hasa

Ukifuatilia muvi za Brazil utakutana sana na neno baixo orçamento, wenyewe wanalifupisha B.O., maana yake bajeti ndogo tu. Ila ukikaa na Mbrazil wa mtaani ukamwambia una B.O. atashtuka, maana kwake hiyo ni taarifa ya polisi, yani kama huku Bongo tunavyosema RB, na wanaitumia hata kwa msala wowote ule.

Sasa wengi wetu tukisikia bajeti ndogo tunawaza muvi ya kulipua, sauti inakwaruza, maiki inachungulia juu ya kichwa cha stelingi. Kule sio hivo. B.O. ni fungu linaloeleweka kabisa, serikali inatangaza hela za umma kwa ajili ya filamu ndefu za bajeti ndogo, unaandika andiko lako unashindanishwa na wenzako. Mwaka 2016 likatoka tangazo la namna hiyo kwa waongozaji weusi, na hela ya Marte Um, filamu ya mwongozaji Gabriel Martins, ilipatikana humo. Kwenye hadithi yake mama anafanya usafi majumbani kwa watu, baba kibarua chake ni kwenye jengo la maghorofa la wenye nazo, anataka dogo awe mchezaji mpira, na dogo mwenyewe akili yote ipo sayari ya Mars. Mwaka 2022 Brazil ikaichagua hiyohiyo iiwakilishe kwenye Oscar, haikufika tano za mwisho lakini kuchaguliwa tu sio mchezo.

Gabriel na wenzake watatu ndo wenye kampuni ya Filmes de Plástico, walianza 2009 huko Contagem, mji wa viwanda uliogandana na jiji la Belo Horizonte. Hapo ndo utaelewa bajeti ndogo inafanya nini kwenye hadithi. Mwenzake André Novais Oliveira, kwenye filamu yake ya Ela Volta na Quinta ya 2014, aliwachezesha baba yake na mama yake mzazi, wanaongea kama wanavyoongea siku zote. Huna hela ya seti, nyumbani kwenu ndo seti.

Ninayoipenda mimi zaidi ni Temporada ya 2018, ya huyohuyo André. Dada mmoja anaitwa Juliana, anachezwa na Grace Passô, anahamia Contagem kwa ajira ya kupambana na mbu wa dengi. Anagonga mageti ya watu, anainama kwenye ndoo na visahani vya maua kutafuta maji yaliyotuama, anaaga anaenda nyumba inayofuata, huku mume wake aliyetakiwa kumfuata hatokei. Hamna adui wala fumanizi, kamera imetulia tu na wewe unakaa na mtu yuko kazini, halafu baadae unashangaa umeshamzoea kama jirani. Ilibeba filamu bora kwenye tamasha la Brasília mwaka huohuo.

Ndo maana usizichanganye na zile muvi za favela, yani mitaa ya mabanda, za bunduki na kukimbizana juu ya mapaa, hizo nyingi zina hela zake na zimetengenezwa zitazamwe dunia nzima. Kwenye B.O. za Contagem mtu anapanda basi, anaenda kazini, anarudi, mshahara unachelewa, washkaji wa kazini wanataniana.