Rasi hujulikana kwa shingo yake

Nikipewa ramani nisiyoizoea, jicho langu haliendi kwenye miji wala milima. Linafuata pwani, na kwenye pwani linatafuta shingo. Hiyo ndiyo tabia niliyobaki nayo baada ya miaka mingi ya kusoma na kufundisha jiografia ya pwani.

Neno rasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kichwa. Sisi tunalitumia kwa ncha ndogo iliyochomoza baharini, kama Rasi ya Tumaini Jema, na pia kwa nchi nzima iliyozungukwa na maji pande tatu, kama Rasi ya Korea. Wanafunzi hunilalamikia kwamba neno moja limetwishwa mizigo miwili. Mimi nalipenda hivyohivyo, maana ukishataja kichwa, lazima uulize shingo iko wapi. Na kweli ule ukanda mwembamba unaoiunganisha rasi na bara tunauita shingo ya nchi. Kichwa hukaa maelfu ya miaka bila kubadilika sana. Shingo ndiyo inayokatwa, inayozama na inayoota.

Tazama Peloponnesos, kusini mwa Ugiriki. Jina hilo maana yake ni kisiwa cha Pelops, ingawa Wagiriki waliolitunga walikuwa wakiingia na kutoka huko kwa miguu. Shingo yake, pale Korintho, ina upana wa kilomita 6 na ushee. Kwa nahodha wa zamani kilomita hizo zilikuwa mtihani: ama aizunguke rasi yote kwa upande wa kusini, kwenye pepo zilizoogopwa, ama chombo chake kiburutwe nchi kavu. Na vyombo viliburutwa kweli. Palikuwa na barabara ya mawe iliyoitwa Diolkos, na vipande vyake vipo hadi leo, vikiwa na michirizi ya magurudumu.

Kaisari Nero alianza kuchimba mfereji mwaka 67 BK. Mwaka uliofuata akafa, kazi ikalala. Ikaja kukamilika mwaka 1893: mfereji wenye upana wa mita 20 na kitu, na kuta za mwamba zinazopanda karibu mita 80 pale zilipo juu kabisa. Ukiona picha yake kutoka angani utadhani mtu amepitisha msumeno. Basi jina likapata ukweli wake baada ya karne nyingi, Peloponnesos ikawa kisiwa. Wapo wenzangu wanaosema kisiwa hakitengenezwi kwa sululu na baruti. Mimi nakubali kuiita kisiwa, lakini shingo upande.

Tiro, katika Lebanon ya leo, ilipitia njia ya kinyume. Mji ule ulikuwa kwenye kisiwa, chini ya kilomita moja kutoka ufukoni, na wenyeji wake waliamini bahari inatosha kuwa boma. Mwaka 332 K.K. Aleksanda Mkuu alikuja na jeshi, akabomoa majumba ya mji wa upande wa bara na kuyatupa mawe yake majini mpaka akapata tuta la kupitisha askari. Mji ulianguka baada ya miezi saba. Vita vikaisha, tuta likabaki, na bahari ikaanza kulirundikia mchanga kutoka pande zote mbili. Leo Tiro ni rasi, na juu ya lile tuta kuna mitaa na nyumba.

Bahari ilifanyaje kazi hiyo? Chukua kisiwa kidogo kilichokaa karibu na ufuo. Wimbi likitoka bahari kuu na kukikuta, halisimami. Linajipinda kushoto na kulia, kisha mikono yake miwili inakutana nyuma ya kisiwa, kwenye kivuli chake. Hapo nguvu inapungua, na maji yaliyochoka hayawezi kubeba mchanga. Yanautua. Fungu linaanza chini ya maji, linainuka, linaonekana wakati wa kupwa tu, halafu siku moja maji yanajaa na hayalifuniki tena. Wataalamu huliita tombolo, neno la Kiitaliano. Vipimo vya matope ya Tiro vimeonyesha kwamba fungu la namna hiyo lilikwishakuwapo chini ya maji kabla Aleksanda hajafika, kina chake kikiwa kifupi tu. Kwa hiyo alikuwa anamalizia kazi ambayo mawimbi yalikuwa nayo kwa maelfu ya miaka. Jabali la Gibraltar nalo limeshikamana na Hispania kwa mchanga wa aina hiyohiyo, na juu ya mchanga huo pamejengwa uwanja wa ndege.

Kuna shingo zilizokatika bila mtu kushika jembe. Februari 1825 dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja ukanda wa mchanga magharibi mwa rasi ya Jutland, Denmark, na ncha ya kaskazini ya rasi hiyo ikatengana na bara. Watu walilala rasini, wakaamka kisiwani.

Rasi nyingine hazina shingo ya kutajwa. Rasi ya Uarabuni ndiyo kubwa kuliko zote duniani, kilomita za mraba zaidi ya milioni 3, na upande wake wa kaskazini umeungana na bara kwa upana mkubwa hivi kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole mahali inapoanzia. Hata hivyo Waarabu wenyewe huiita Jazirat al-Arab, kisiwa cha Waarabu. Jiolojia haiwapingi sana. Bamba la Uarabuni, yaani kipande cha ganda la dunia kilichoibeba rasi hiyo, lilianza kuachana na Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, na Bahari ya Shamu ndiyo ufa uliojaa maji. Ufa huo bado unapanuka.

Wachora ramani wa Ulaya nao walikuwa na kisiwa chao cha kufikirika. Mwaka 1539 baharia Mhispania Francisco de Ulloa alisafiri ndani ya ghuba iliyo kati ya rasi ya Baja California na Meksiko bara, akafika mwisho wake, akakuta nchi kavu. Hapo suala lilipaswa kufungwa. Lakini katika karne ya 17 ramani zikaanza kuichora California kama kisiwa, mchoraji mmoja akimnakili mwenzake, mpaka mfalme wa Hispania alipotoa amri mwaka 1747 kwamba California si kisiwa. Ajabu ni kwamba walikosea wakati tu, maana Baja imepanda bamba la Pasifiki, linalosogea kaskazini-magharibi na kuitenga na bara kwa sentimita kadhaa kila mwaka.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni nchi gani yenye pwani ndefu zaidi. Kanada, hujibu, kisha naomba bikari. Ifungue kwa kilomita 100 na uitembeze juu ya ramani ya Norwei. Itaruka kila ghuba nyembamba iliyochongwa na barafu. Punguza hadi kilomita 10, nayo itaingia ghubani na kutoka. Punguza hadi mita 100, itaanza kuzunguka kila jabali. Bila ghuba hizo pwani ya Norwei ni kama kilomita 2,650. Pamoja nazo inapita 25,000, na ukiongeza visiwa unafika karibu 100,000. Mwanasayansi Mwingereza Lewis Fry Richardson aliona mkanganyiko huohuo kwenye mipaka: Hispania na Ureno zilitangaza mpaka wao mmoja, moja ikisema kilomita 987 na nyingine 1,214. Hakuna aliyedanganya. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoît Mandelbrot aliandika makala mashuhuri kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza, akionyesha kwamba jibu hurefuka kadiri kipimo kinavyofupishwa. Kwa hiyo orodha za pwani ndefu duniani huzisoma kwa jicho moja.

Nikiruhusiwa kuchagua pwani moja ya kuitazama kwa miaka elfu mbili, ningechagua Kvarken, kati ya Uswidi na Ufini. Wakati wa zama za barafu nchi hiyo ilikandamizwa na uzito wa barafu ya kilomita kadhaa. Barafu iliyeyuka, na ardhi bado inanyanyuka, karibu milimita 8 hadi 9 kwa mwaka. Nchi yenyewe ni tambarare, hivyo milimita chache za kupanda zinasogeza ufuo mbali. Kibanda cha mashua kilichojengwa majini na babu, mjukuu anakikuta kwenye nyasi. Huko Ufini ardhi hiyo mpya haiwi moja kwa moja ya mwenye kiwanja. Huhesabiwa kuwa ya wale wanaomiliki kwa pamoja eneo la maji lililokuwa hapo, na mwenye kiwanja akitaka kuufikia ufuo tena hana budi kununua kipande kilichoota mbele ya nyumba yake.