Kupiga picha skrini ya kuingia: yanayosemwa na yalivyo

Dada mmoja anayefanya kazi ya ukarani hapa Amu aliniletea leptopu yake mtaa wa Langoni, pale ninapofundishia kompyuta. Alikuwa anaandaa mwongozo wa wafanyakazi wapya, na picha ya kwanza kabisa ndiyo iliyomshinda: skrini ya kuingia, ile inayodai nywila. "Mwalimu, kitufe hiki kimekufa," akaniambia, akakibonyeza PrtSc (Print Screen), kile cha kupigia picha skrini, mbele yangu mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka ncha ya kidole chake chenye hina ikapinda. Kitufe kilikuwa kizima. Maneno kama yake nayasikia sana, na baadhi yake huwatia watu hasarani, kwa hiyo nimeona niyajibu.

"Kitufe kikibonyezwa, picha imepigwa"

Kitufe hakipigi picha. Hupeleka ishara tu, na ishara hutaka wa kuipokea. Kwenye kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ukibonyeza Shift pamoja na PrtSc, maandishi ya kwenye skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye printa. Jina la kitufe limetokana na kazi hiyo. Siku hizi anayepokea ni mfumo wenyewe au programu ya kupigia picha, na programu hizo nyingi huamka baada ya wewe kuingia.

Tazama nyumba zetu za mawe. Mgeni huishia dakani, yaani kwenye ukumbi wa mbele ya mlango, akaketi barazani na kupiga hodi. Waliomo ndani hawamwoni, na akitaka maji hawamletei mpaka afunguliwe mlango. Skrini ya kuingia ndiyo daka la kompyuta. Programu ulizozizoea ni watu wa ndani. Katika Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, jambo hili liko wazi zaidi: skrini hiyo huendeshwa na programu kama GDM, LightDM au SDDM, na kwa kawaida hutumia akaunti yake yenyewe, si yako. Vitufe vya mkato ulivyojiwekea havijulikani huko.

"Basi ni kasoro ya mfumo"

Hapana, imekusudiwa hivyo. Windows huiweka skrini ya nywila mahali pa peke yake, mbali na programu zako, kwa sababu hapo ndipo mwizi angependa kuchungulia. Ndiyo maana pia Windows NT, tangu ilipotoka mwaka 1993, ilimtaka mtu abonyeze Ctrl, Alt na Delete kabla ya kuandika nywila. Vitufe hivyo vitatu vikibonyezwa pamoja, programu ya kawaida haiwezi kuvidaka. Kwa hiyo mtu akitengeneza skrini bandia ya kuingia, bandia hiyo haina la kujibu. Usumbufu aliokutana nao dada yule ni ukuta uleule unaomlinda.

"Tegesha saa, kisha ufunge skrini"

Hili alikuwa amelijaribu nyumbani. Aliipa programu ya kupigia picha sekunde chache, akafunga skrini haraka, akasubiri. Aliporudi alikuta picha nyeusi tupu. Programu ilikuwa bado ndani, na kilichokuwa kinaonekana kilikuwa nje.

"Haiwezekani kabisa"

Inawezekana, tena kwa njia zaidi ya moja. Katika Windows 10 na 11, funga kompyuta kwa kitufe cha Windows pamoja na L, bonyeza PrtSc, ingia kama kawaida, fungua Paint, programu ya kuchorea, kisha bandika kwa Ctrl na V. Mara nyingi picha utaikuta, hasa ile ya skrini yenye saa na mandhari. Kwake ilikubali kwa mara ya pili.

Ninayoipenda zaidi mimi ni kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu kama VirtualBox. Mfumo wote wa ndani huonekana kama dirisha moja, kwa hiyo skrini yake ya kuingia hupigwa kama kitu kingine chochote, hata maandishi yanayopita wakati mashine inawaka. Kwa Linux, LightDM na SDDM zina hali ya majaribio inayoifungua skrini hiyo kwenye dirisha ukiwa tayari umeshaingia.

Kuna ushauri mmoja nakuomba uukatae: kulibadilisha faili la huduma za wenye ulemavu lililoko kwenye skrini ya kuingia, ili kitufe chake kifungue programu nyingine. Kinachofunguliwa hapo huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, kabla mtu yeyote hajaandika nywila. Ukisahau kulirudisha faili, kila atakayeketi mbele ya mashine hiyo ameachiwa mlango wazi.

"Nywila ni vidoti tu, picha haina siri"

Hapa ndipo penye hatari. Picha yake ilionyesha jina lake kamili na anwani yake ya barua pepe. Vidoti navyo huhesabika, vikataja urefu wa nywila. Na ukiwa umegusa ile alama ya jicho, nywila yenyewe imeandikwa wazi.

Kwa simu ni vibaya zaidi. Kabla ya kunijia alikuwa amepiga kwa simu, akapata mistari kama mawimbi ya maji kupungua, na nakshi za kanga yake zikimetameta kwenye kioo. Nikaikuza picha. Pembeni, chini ya skrini, palikuwa na karatasi ya njano iliyobandikwa kwa gundi, na herufi zake zilisomeka moja moja. Alinyamaza, akaibandua papo hapo, akaikunja ndani ya pochi.

"Nitaikata hiyo pembe," akasema. Kukata nako kuna historia. Mwezi Machi 2023 iligunduliwa kwamba programu ya kukatia picha ya Windows 11, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lilelile, iliacha mabaki ya sehemu uliyoiondoa ndani ya faili, na mjuzi aliweza kuyafufua. Simu za Google Pixel zilikuwa na tatizo kama hilo. Yote mawili yalirekebishwa, lakini picha zilizotumwa kabla ya hapo zilibaki kama zilivyo. Ukiwa na la kuficha, lifunike kwa rangi nzito isiyopenya, si kwa ukungu, kisha hifadhi kwa jina jipya.

Hatukukata. Tulifungua akaunti mpya kwenye leptopu ile, tukaiita "Mfanyakazi Mpya", isiyo na barua pepe wala picha ya mtu. Akafunga skrini, akakigusa PrtSc mara moja tu, polepole, akaibandika ukurasa wa kwanza wa mwongozo wake.