Kabla hujaiharibu kura yako, piga hesabu

Juzi kwenye boti ya kutoka Mokowe, hata nahodha hajawasha mashine, kijana niliyemfundisha zamani alinigeukia. "Mwalimu, Agosti 2027 nitakwenda kituoni, ila karatasi zote sita nazipiga mkasi, mistari miwili pembe hadi pembe. Wote mabepari tu hawa." Mama mmoja mwenye kikapu cha maembe akamuuliza: sasa foleni ya nusu siku unaipangia nini?

Mimi nasomesha historia ya siasa, na kila uchaguzi huwafunza mawakala wa vyama kusimamia hesabu ya kura. Kwa hiyo maneno ya kijana yule nayasikia kwa masikio mawili: moja la nadharia, moja la Fomu 34A, ile inayoandikwa matokeo ya urais kituoni.

Kwa upande wa nadharia, ubishi huu wa watu wa mrengo wa kushoto, wapige kura au wasipige, una umri mkubwa. Mwaka 1850 Marx na Engels waliwaandikia wenzao kwamba wafanyakazi wasimamishe wagombea wao hata pale pasipo na tamaa ya kushinda, ili wapime nguvu zao na kuutangaza msimamo wao. Yaani uchaguzi wauchukue kama sensa. Mwaka 1920 Lenin naye aliwakemea wakomunisti wa Uingereza waliotaka kulisusia Bunge. Aliwashauri wamuunge mkono Henderson, mmoja wa viongozi wa Labour, kama kamba inavyomshika mtu aliyenyongwa. (Sijui mwanasiasa gani wa kwetu angeupokea uungwaji mkono wa namna hiyo, ingawa wapo ambao hawaulizi kamba ni ya nini.) Waanakia, wale wasiotaka serikali yoyote, wao hawataki kura kabisa: wanaona ukimchagua bwana, umeukubali ubwana.

Lakini vijana wetu ubishi huu hawakuupata kwa Marx. Wameupata kwenye simu, kutoka Marekani, na umekuja na vumbi la Florida. Mwaka 2000 Bush alishinda jimbo hilo kwa tofauti ya kura 537, na Ralph Nader wa chama cha Kijani alikuwa na zaidi ya 97,000. Tangu hapo, mtu wa mrengo wa kushoto akitaja chama kidogo anaambiwa amempa adui ushindi. Kwa Florida, hoja ina mantiki: anayetangulia, hata kwa kura moja, anabeba wajumbe wote wa jimbo, wale wanaomchagua rais.

Kwetu Kenya urais hauendi hivyo. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa nchi nzima, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofika, kuna duru ya pili. Maana yake, kura ya mgombea mdogo inainua kizingiti ambacho mkubwa lazima akiruke. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, aliivuka nusu kwa kura elfu nane na ushei. Watu elfu kumi na saba hivi waliobaki nyumbani, lau wangekwenda kumpigia yeyote kati ya wale wagombea wadogo, kwa hesabu iliyosomwa siku ile tungerudi vituoni.

Na hapa ndipo mkasi wa yule kijana unapokatika. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika kutafuta hiyo nusu. Ukizitoa, asilimia ya mshindi inapanda. Karatasi yako yenye mkasi, au tusi, au shairi (nimeshaona shairi, beti mbili, vina vimetulia, na mizani hata mzee wa Amu asingeikosoa) inatupwa fungu moja na ya bibi aliyeteleza kidole. Hakuna fomu yenye safu ya "huyu alikasirika".

Kijana akanijibu, na jibu lake lilikuwa zito. "Makaa ya mawe je? Nani alimpigia nani kura?" Kweli. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kule Kwasasi, Lamu, ulisimamishwa na watu waliokwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ambayo tarehe 26 Juni 2019 iliifuta leseni kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sikuwa na la kumpinga. Nilimwambia tu kwamba kesi haimzuii mtu kupiga kura, na kura haimzuii kwenda kortini.

Kinachonisumbua zaidi ni miungano. Chama cha Kikomunisti cha Kenya ni ileile SDP (Social Democratic Party) ambayo Charity Ngilu aliwania urais kwa tiketi yake mwaka 1997. Mwaka 2022 mwenyekiti wake, Mwandawiro Mghanga wa Taita, alikiingiza Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, na chama kikapasuka, maana wenzake hawakukubali. Kamba ya Lenin hiyo, lakini ukiwa chama kidogo ni vigumu kujua shingo iliyomo ni ya nani. Binafsi naona heri kusimama peke yako duru ya kwanza ukahesabiwa, kisha ujadiliane ukiwa na tarakimu mkononi.

Tulipokaribia gati akauliza: na zile karatasi nyingine tano? Nikamwambia huko ni Florida tupu. Gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na wa wadi wote hushinda kwa kutangulia tu, bila duru ya pili, kwa hiyo mkigawana kura mmegawana kilio. Wadi ndiyo pekee ambapo mtu asiye na fedha anaweza kuzunguka nyumba zote kwa miguu.

"Wadi yetu haina mtu wa kushoto."

Nikamuuliza kama ana kadi ya chama chochote, maana mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Akacheka. Mama wa maembe hakucheka. Alimuuliza ni wadi gani.