Kipato kilipanda baada ya mafunzo. Je, mafunzo ndiyo yaliyokipandisha?

Ripoti nyingi za miradi ya ajira huja na hoja ileile: kabla ya mafunzo washiriki walikuwa na kipato kidogo, mwaka mmoja baadaye kimepanda. Msomaji huridhika hapo. Lakini huenda kingepanda hata bila mafunzo.

Mwaka 1978 mchumi Orley Ashenfelter alichunguza washiriki wa mafunzo ya kazi nchini Marekani, akaona kwamba kipato chao kilishuka muda mfupi tu kabla ya kujiunga. Si ajabu, mtu hutafuta mafunzo pale anapopoteza kazi au mambo yanapomwendea kombo. Ukianza kumpima akiwa shimoni, hata akipanda mwenyewe utampa mwalimu sifa.

Dawa ni kundi la kulinganisha, yaani watu kama washiriki ila hawakupata mafunzo, hasa linalopatikana kwa kura: wote wameomba, bahati inaamua nani aingie. Mwaka 1986 mchumi Robert LaLonde alionyesha kwamba kulinganisha washiriki na watu waliochukuliwa kutoka takwimu nyingine mara nyingi kulitoa majibu yaliyo mbali na yale ya kura.

Elimu ya fedha, yaani kufundisha watu kusimamia pesa zao, nayo imo katika mtego huohuo wa kukimbilia hitimisho. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 201 ulikuta kwamba inaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za watu katika kushughulikia fedha. Baadhi wakatangaza kuwa haifai kabisa, nayo ni pupa ileile iliyogeuzwa: uchambuzi wa 2022, wa majaribio 76 ya kura, ulikuta manufaa, ingawa yalikuwa makubwa zaidi kwenye maarifa kuliko kwenye tabia.