Alichokiri Gruber na ambacho hakukikiri

Juma hili, katika mkutano wa mutuelle, yaani mfuko wa bima ya afya unaochangiwa na wanachama, hapa Bukavu, nimeambiwa tena kwamba yule profesa wa Marekani, Jonathan Gruber, alikiri mwenyewe kuwa bima ya afya ya lazima ni udanganyifu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, nayo inawapotosha watu tunaowahitaji.

Gruber ni mwanauchumi wa chuo kikuu cha MIT. Alipiga hesabu za mageuzi ya bima ya afya ya jimbo la Massachusetts ya 2006, kisha za sheria ya bima ya afya ya nchi nzima ambayo Rais Obama aliitia saini Machi 2010; walioitunga ni wabunge. Katika video iliyosambaa mwaka 2014 anasikika akieleza kwamba sheria iliandikwa kwa namna ambayo faini ya asiye na bima isihesabiwe kuwa kodi, na kwamba kama ingetamkwa waziwazi kuwa wazima hutoa fedha na wagonjwa huzipokea, isingepita. Akataja na ujinga wa wapiga kura. Desemba mwaka huohuo aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge.

Alichokiri, basi, ni kuficha. Hakusema hata mara moja kwamba hesabu yenyewe, ya wazima kuwachangia wagonjwa, ni ya uongo, na asiyeiamini aje Kadutu, hapahapa Bukavu, tumwonyeshe daftari la mfuko. Baba anakaa miaka bila kujiunga, akishaambiwa ana ngiri ya kupasuliwa anakuja na mchango wake mkononi, mfuko unalipa upasuaji, na mwaka unaofuata hatumwoni. Ndiyo maana tunaandikisha kaya nzima na kuweka muda wa kungoja kabla ya haki ya matibabu kuanza, kwa kuwa tukijaza pengo kwa kupandisha mchango, wa kwanza kuondoka ni wazima, wanaobaki ni wagonjwa zaidi, na mchango hauna budi kupanda tena.

Simtetei Gruber katika kila jambo. Alikuwa na mikataba ya karibu dola 400,000 na wizara ya afya ya nchi yake huku akinukuliwa kama mtaalamu huru, na msomaji alistahili kuelezwa hivyo tangu mwanzo.

Lakini lipo jambo linalonisumbua kuliko video ile. Sheria ya kodi ya Marekani ya 2017 iliifuta ile faini ya asiye na bima kuanzia 2019, na soko la bima halikuanguka kama mimi na wengi wa kazi hii tulivyofundisha. Naona sababu kubwa ni ruzuku: bei ilipopanda, serikali iliongeza sehemu yake, na wenye kipato kidogo wakabaki. Huenda basi tuliupa ulazima wa kujiunga uzito uliokuwa wa ruzuku, ilhali kaya nyingi ninazozifahamu hapa hulipa mchango wote zenyewe. Katika mafunzo yajayo nitaondoa ukurasa unaosema kwamba bila ulazima huo mfuko hufa, na mahali pake nitaweka swali la nani atamlipia yule baba wa Kadutu nusu ya mchango wakati bado ni mzima.