"Hakuna Sheria Inayokataza": Matawi ya Falsafa ya Vitendo na Maswali Yanayoulizwa na Kila Tawi

Malalamiko yanayofika mbele ya kamati za maadili ya utafiti, yaani zile zinazotoa kibali kabla ya utafiti unaohusu watu kuanza, yamekuwa na sura moja siku hizi. Mwombaji amerudishiwa andiko lake la utafiti pamoja na maswali, naye anajibu kwa sentensi moja: "Hakuna sheria inayokataza." Wapo wanaoongeza kwamba maadili ni maoni ya mtu binafsi, hivyo kamati haina haki ya kumbebesha mtu maoni yake. Wengi wanaoandika hivyo hawana nia mbaya. Wamehangaika na andiko, muda unawabana, na wanataka kuanza kazi. Hata hivyo, jibu hilo linajibu swali ambalo hawakuulizwa. Ndiyo maana inafaa kueleza falsafa ya vitendo ina matawi gani, na kila tawi linamdai mtu nini.

Maelezo haya ni elimu ya jumla. Hayahusu shauri lolote lililo mbele ya kamati yoyote, wala hayawezi kutumika kama msingi wa rufaa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliigawa elimu katika makundi matatu: ya kujua, ya kutenda na ya kutengeneza. Falsafa ya vitendo inakaa katika kundi la pili. Inauliza nifanye nini, tuishije pamoja, nani ana mamlaka ya kuamua, na kwa sababu zipi. Sababu ndizo zinazoitenganisha na maoni. Mtu akisema anapenda rangi fulani, hadaiwi maelezo. Akisema ni sawa kumficha mgonjwa majibu ya vipimo vyake, anadaiwa, na sababu atakazotoa zinaweza kupimwa, kupingwa na kuonekana pungufu. Kusema "hayo ni maoni yako" hakumwondolei mtu deni hilo.

Tawi linalofahamika zaidi ni falsafa ya maadili. Ndani yake kuna mikondo mitatu mikubwa. Wa kwanza, uliopewa umbo na Jeremy Bentham mwaka 1789, hupima kitendo kwa matokeo yake kwa wote wanaoguswa. Wa pili ni wa Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu, bali achukuliwe wakati huohuo kuwa mwenye thamani yake mwenyewe. Tafadhali lisomwe hilo "tu". Kant hakukataza kupata manufaa kutoka kwa mwingine. Kila mtafiti hupata manufaa kutoka kwa washiriki wake. Alichokataza ni kumtumia mtu kana kwamba yeye hana lake la kusema. Mkondo wa tatu, wenye mizizi kwa Aristotle na uliofufuliwa na Elizabeth Anscombe mwaka 1958, huuliza kuhusu tabia: mtu mkweli, mwenye kiasi na mwadilifu angetendaje hapa? Kwenye kamati tunapokea maombi ambayo mwandishi amechagua mkondo mmoja kwa kuwa ndio unaompa jibu analolitaka. Hilo huonekana mara moja.

Pale falsafa ya maadili inapoingia hospitalini, maabara au ofisini, huitwa maadili matumizi. Jambo moja lapaswa kujulikana na kila anayesema sheria haikumzuia. Mwaka 1932, idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume Weusi 600 huko Tuskegee, Alabama. 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watafiti hawakujificha: matokeo yao yalichapishwa katika majarida ya kitabibu, na wasomi wenzao wakayasoma. Utafiti uliendelea hadi mwaka 1972, ulipofichuliwa na vyombo vya habari. Sheria ya Marekani iliyoweka utaratibu wa kuwalinda washiriki wa utafiti ilikuja mwaka 1974, na ripoti ya mwaka 1979 ikataja misingi mitatu ambayo kamati nyingi duniani bado zinaitumia: heshima kwa watu, kuwatendea mema, na haki. Kwa miaka arobaini, anayetegemea sheria peke yake angekuta njia nyeupe.

Tawi la pili halisikiki sana, na kwetu ndilo lenye kazi kubwa kila siku: falsafa ya tendo. Linauliza tendo la hiari ni lipi, nia ni nini, na mtu anawajibika kwa kiasi gani kwa alilolifanya akiwa amebanwa. Aristotle alitoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa tufani. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna aliyemshika mkono, na amechagua mwenyewe. Lakini hakuna nahodha anayetupa mali bahari ikiwa shwari. Matendo ya namna hiyo Aristotle aliyaita mchanganyiko.

Sasa chukua ombi la aina tunayoizoea. Daktari anataka kuwahoji wagonjwa anaowatibu yeye mwenyewe. Fomu ya ridhaa imeandikwa vizuri, lugha ni nyepesi, na pameandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Anayeipeleka fomu hiyo ni daktari huyohuyo, kando ya kitanda, dakika chache kabla ya kumwandikia dawa. Mgonjwa anaweka sahihi. Kisheria huenda sahihi ile inatosha. Kamati inauliza jambo jingine: mgonjwa huyu angeweza kweli kukataa bila kuhofia huduma yake? Suluhisho mara nyingi ni jepesi. Fomu ipelekwe na mtu asiyemtibu, na daktari asijulishwe nani amekubali na nani amekataa. Ni badiliko la mstari mmoja kwenye andiko, na bado kuna waombaji wanaolalamika kwamba wameonewa.

Falsafa ya siasa hutoka kwa mtu mmoja na kutazama mpangilio wa wote: mamlaka hupata wapi uhalali, uhuru unaishia wapi, mizigo na manufaa vigawanywe vipi. Thomas Hobbes mwaka 1651, John Locke mwaka 1689 na Jean-Jacques Rousseau mwaka 1762 walijenga hoja zao juu ya mapatano ya wanajamii wenyewe. John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza tuchague kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutazaliwa katika nafasi gani. Kwenye meza ya kamati tawi hili huja kama swali fupi: kwa nini washiriki ni hawa? Kama wamechaguliwa kwa sababu wako karibu, ni maskini na hawana mtu wa kuwasemea, huku dawa itakayopatikana ikiwa ya watu wengine, ombi halipiti hata kama kila mshiriki ametia sahihi.

Falsafa ya sheria ndiyo inayojibu moja kwa moja kauli tuliyoanza nayo. Mwaka 1944, nchini Ujerumani, mwanamke mmoja alimripoti mumewe kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Hitler. Mume akahukumiwa kifo, ingawa baadaye alipelekwa vitani. Mwaka 1949 mahakama ikamtia mwanamke huyo hatiani kwa kumnyima mtu uhuru, japo alidai alifuata sheria ya wakati ule. H.L.A. Hart na Lon Fuller walibishana juu ya kesi hiyo mwaka 1958. Hart alishikilia kwamba sheria mbaya ni sheria bado, ila uhalali wake haumalizi swali la kama itiiwe. Fuller alisema sheria zile zilipoteza sifa zinazoifanya sheria iwe sheria. Wamepingana katika mengi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba kisichokatazwa na sheria kimekwisha kuwa sahihi. Atakayetaka kusimamia kauli hiyo amtafute mtetezi mwingine.

Ipo pia nadharia ya maamuzi, inayochunguza namna ya kuchagua pale matokeo hayajulikani kwa hakika. Ni tawi pana lenye hesabu nyingi. Kwetu linahusika zaidi katika kupima hatari za dawa mpya.

Nije kwenye taratibu. Taasisi hutofautiana, lakini karibu zote hufanana katika mambo haya. Kibali hutolewa kabla ya kukusanya data. Hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika, hata kama kazi hiyo haikumdhuru mtu. Mabadiliko yoyote ya dodoso, ya idadi ya washiriki au ya namna ya kuwapata huombewa kibali upya kabla hayajatekelezwa, isipokuwa pale hatua ya haraka inahitajika ili kumwondolea mshiriki hatari. Hapo hatua huchukuliwa kwanza na taarifa hufuata mara moja. Madhara yasiyotarajiwa huripotiwa ndani ya muda uliowekwa na kamati husika. Kibali huwa na tarehe ya mwisho, na data iliyokusanywa baada ya tarehe hiyo huhesabiwa kuwa imekusanywa bila kibali. Anayekiuka anaweza kusimamishiwa utafiti, kuzuiwa kutumia data, kufikishwa kwenye kamati ya nidhamu na, kama amekwisha kuchapisha, makala yake kuondolewa na jarida. Mwanafunzi anaweza kukataliwa tasnifu. Adhabu hizi hutolewa baada ya mhusika kusikilizwa, na uzito wake hutegemea mazingira ya kila shauri.

Anayetaka kukata rufaa ana haki hiyo. Asome kwanza barua ya uamuzi, atambue swali lililoulizwa ni la tawi gani, kisha alijibu hilohilo. Kama kamati imeuliza iwapo mgonjwa yuko huru kukataa, eleza nani atapeleka fomu, wapi, na nani ataona majibu. Kama imeuliza kwa nini washiriki ni hawa, taja vigezo na uonyeshe wao watanufaikaje. Andiko lililorekebishwa liambatanishwe, na mahali palipobadilishwa pawekewe alama.